Nunua mita nne za mlangoni, uache mia tatu za kwenye boksi

Kila habari za vijana wa panga zinapovuma Kisauni, Mombasa, kuna biashara moja ambayo huchangamka kimyakimya. Simu hujaa matangazo ya kamera za usiku, darubini za kuonea gizani na tochi ambazo, ukiwasikiliza wauzaji, zinaweza kuigeuza Bamburi nzima ikawa mchana. Kwenye boksi pana picha ya swala amesimama nyikani, mwili wote kijani, na chini yake maandishi manene: mita 300 gizani. Anayelinunua boksi hilo hana swala wa kumtazama. Ana nyumba ya vyumba kumi Mishomoroni, kichochoro kinachopitisha mkokoteni mmoja kwa shida, wapangaji wanaotoka saa kumi alfajiri kuwahi mboga sokoni Kongowea, na taa ya mlangoni iliyoungua zamani ambayo hakuna anayekumbuka ni zamu ya nani kuibadilisha.

Niseme mapema ninaposimama. Kwa mtu wa kawaida wa Mjambere, Junda au Mtopanga, kifaa kizuri cha usiku ni kile kinachoona sawasawa mita nne za mlangoni pake, chenye mwanga wake na umeme wake, hata kama hakioni kitu chochote zaidi ya hapo. Umbali mrefu ulioandikwa kwenye boksi ndio unaowala watu pesa. Na ubaya wake hauishii mfukoni: picha mbovu ya mbali ni hatari kuliko kutokuwa na picha kabisa, kwa sababu inaweza kumtia matatani mtoto wa jirani asiyejua lolote.

Hofu yenyewe si ya kubuni. Makundi ya vijana wenye mapanga yamekuwa yakitajwa magazetini tangu katikati ya miaka ya 2010, kwa majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, na wanaolipia ni wale wale siku zote: mama wa viazi karai anayefunga kibanda mapema na kupoteza wateja wa usiku, mwanafunzi anayekatazwa kwenda kudurusu kwa mwenzake, bodaboda anayekataa kuingia ndani ya mtaa ikishapita saa tatu, mzee anayeswali alfajiri chumbani badala ya kwenda msikitini. Familia yenye hofu namna hiyo ikiona tangazo linaloahidi macho ya usiku kwa bei ya ada ya muhula mmoja, itajizuia vipi? Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana ni lazima mnunuzi naye ajue kitu.

Boksi linasema nini hasa?

Tuanze na hayo maandishi ya umbali. Kipo kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, ambacho mafundi wazuri wanakifahamu lakini dukani hukisikii kikitajwa. Kiwango hicho, katika toleo lake la 2014, kinaihukumu picha kwa idadi ya pikseli, yaani vile vitone vinavyoiunda picha, katika kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kujua tu kwamba kuna mtu amepita, pikseli 25 kwa mita zinatosha. Kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu zinatakiwa 125. Kuithibitisha sura ya mtu usiyemjua, kiasi cha kumwambia afisa wa polisi kwamba ni huyu na si mwingine, zinatakiwa 250.

Sasa hesabu. Kamera ya kawaida inayouzwa kwa shilingi elfu chache ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawa kwa 250, unapata mita 7.7 hivi. Maana yake ni kwamba eneo la kwenye picha likizidi upana huo, sura ya mgeni imekwisha kupotea. Na kamera za bei nafuu karibu zote zina lenzi pana, ya nyuzi 90 au zaidi, kwa sababu mnunuzi hufurahi akiona uwanja mzima kwenye simu yake. Kwa lenzi ya nyuzi 90, upana wa mita 7.7 unafikiwa umbali usiotimia mita nne kutoka kwenye kamera. Mita nne! Hapo ndipo uwezo wa kuthibitisha sura unapokoma, mchana na usiku. Kutoka hapo hadi karibu mita nane utamtambua jirani yako. Kuanzia hapo hadi mita 38 kinachobaki ni kivuli chenye miguu miwili.

Kwa hiyo boksi la kamera linaloandika mita 30 halijasema uongo mtupu. Limesema ukweli mdogo kwa herufi kubwa: kwamba mwanga wa kamera unafika huko, na kwamba kitu kinachosogea kitaonekana kimesogea. Mnunuzi ndiye anayejijazia mwenyewe kwamba ataona uso. Na usiku mambo huzidi kuwa magumu, maana mwanga una sheria yake isiyojali chapa wala bei: ukikwenda umbali mara mbili, nguvu yake inabaki robo. Zile balbu ndogo zinazozunguka lenzi, zinazotoa miale ya infraredi tusiyoiona kwa macho, zikimulika vizuri mita tano, kwenye mita kumi zimebakiwa na robo, kwenye ishirini sehemu moja ya kumi na sita.

Basi ukubali mita nne na uzipange vizuri. Kamera inayotundikwa juu kabisa ya ukuta, kwa hofu ya kuibiwa, hurekodi kofia na vipara. Ile iliyowekwa mita mbili na nusu kutoka chini, ikiutazama mlango au geti ambalo kila mtu lazima alipitie, ndiyo inayopata uso. Ukitaka kuusogeza mstari huo mbele kidogo, usinunue kamera ghali zaidi. Mwambie fundi akupe lenzi nyembamba. Lenzi ya nyuzi 50, kwa pikseli zile zile, inakufikisha mita nane. Utapoteza upana wa uwanja, lakini uwanja mtupu una kesi gani? Anayekuja atapita getini.

Fulana nyeusi ikionekana nyeupe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona jambo hili likizungumzwa inavyostahili. Kamera ya infraredi usiku haina rangi. Kanga nyekundu na kanga ya kijani zote hugeuka kijivu. Baya zaidi ni kwamba haigeuzi rangi kwa uaminifu: rangi nyingi za viwandani zinazofanya kitambaa kiwe cheusi machoni mwetu huirudisha miale ya infraredi badala ya kuimeza. Matokeo ni kwamba fulana nyeusi ya poliesta inaweza kutoka kwenye picha ikiwa nyeupe au kijivu chepesi, na mwenye kuvaa suruali nyeusi akaonekana amevaa ya kaki. Tazama picha kama hizo kwa karibu utaona mengine pia: macho yanayong'aa kama ya paka, uso uliosogea mno kwenye kamera ukabaki bamba jeupe lisilo pua wala mdomo.

Fikiria sasa picha hiyo imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa saa kumi na moja alfajiri. Watu mia mbili wanaiona kabla ya chai. Mmoja anasema, huyo si yule kijana wa pale kwenye kinyozi? Mwingine anakumbuka kumwona jana jioni na fulana nyeupe. Kufikia adhuhuri kijana ana kesi ambayo hakuitenda, na kama siku ni mbaya, hana hata nafasi ya kufika kituoni. Tunajua sote jinsi umati unavyohukumu kwetu. Kijana wa Kisauni tayari hutazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu ya mtaa anaotoka; tukimwongezea ushahidi wa kivuli cha mita ishirini na tano, tumemlinda nani?

Ndiyo maana nikasema kwamba picha mbovu ya mbali ni hatari kuliko kutokuwa na picha. Asiye na picha huuliza na kusikiliza. Mwenye picha, hata ya ukungu, hujiona ameshajua. Atakayenijibu kwamba kidogo ni bora kuliko kutopata namuuliza: kidogo cha nini? Kama ni kidogo cha mwanga, nakubali. Kidogo cha ushahidi kina bei, na anayelipa bei hiyo mara nyingi si aliyenunua kamera.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili ni rahisi kwa kushangaza: washa taa. Zipo kamera zinazobaki na rangi usiku kwa sababu lenzi zao zina uwazi mkubwa na hutumia taa nyeupe badala ya infraredi. Lakini hata kamera ya kawaida, ikipata taa ya kutosha pale mlangoni, nyingi zitabaki katika hali ya mchana na kurekodi fulana kwa rangi yake. Yaani shilingi mia kadhaa za balbu zinaweza kuiongezea kamera thamani kuliko elfu kumi za kamera mpya.

Vipi zile darubini na miwani?

Hapa ndipo msemo wa kwetu, rahisi inavunja upishi, unapoingia bila kubisha hodi. Vifaa vya kuonea gizani viko vya aina tatu, na wauzaji huvichanganya kwa makusudi. Aina ya kwanza ni ile ya kijeshi, yenye mrija unaoukuza mwanga mdogo wa nyota mara maelfu. Ilisifika vitani Vietnam katika miaka ya 1960, na leo inapangwa kwa vizazi. Kizazi cha tatu kutoka Marekani hakiuzwi nje ya nchi hiyo bila kibali cha serikali yake, na bei yake ni ya kununulia bodaboda kadhaa. Kwa hiyo anayekuuzia kizazi cha tatu kwa shilingi elfu kumi na tano kwenye simu anakuuzia herufi tu.

Kile anachokuuzia kwa kweli ni aina ya pili: kamera ya kidijitali iliyofungwa ndani ya umbo la darubini, pamoja na tochi ya infraredi na kioo kidogo cha kutazamia. Si kitu kibaya. Mkulima wa Mwakirunge anayesumbuliwa na nguruwe pori shambani, au mtu anayependa kutazama popo na bundi, anaweza kufurahi nacho. Lakini macho yake ni yale yale ya kamera ya mlangoni, sheria yake ya robo ni ile ile, na betri zake huisha kwa saa chache. Juu ya hapo kinahitaji mtu awe macho, akiwa amekishika, akitazama upande ambao jambo linatokea. Mtu anayelala saa nne akaamka alfajiri, nani atamshikia?

Aina ya tatu huona joto. Hii ndiyo iliyoleta mabadiliko katika Maasai Mara, ambako mwaka 2016 shirika la WWF lilieleza jinsi kamera za joto zilivyowasaidia askari wa wanyamapori kuwakamata majangili ambao zamani walijificha kwenye giza. Ni habari njema na imewapa watu hamu. Lakini angalia walichokuwa wakihitaji askari wale: katika uwanda ambao usiku hapatakiwi kuwa na mtu, kujua tu kwamba yupo mtu kunatosha, kwani aliyepo ni mhalifu. Kisauni usiku kuna watu. Yuko nesi anayerudi zamu, mvuvi anayeelekea Junda, kijana anayetoka kutazama mpira. Kamera ya joto itawaonyesha wote kuwa mabonge meupe yasiyo sura. Haioni kupitia kioo cha dirisha. Na katika usiku wetu wa Machi, ukuta uliopigwa na jua kutwa nzima ukiwa bado unatema joto, tofauti kati ya mwili na mazingira hupungua kuliko kule bara kwenye baridi. Kifaa cha makumi ya maelfu ya shilingi, kinachojibu swali ambalo hukuuliza.

Wavuvi wa usiku wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanaovua dagaa kwa karabai katika siku za giza wanahitaji kuona mbali, na baharini kosa dogo ni roho. Hata hivyo wanachohitaji zaidi ni kuonekana: taa ya chombo, na tochi isiyopitisha maji. Na wanalijua jambo ambalo sisi wa nchi kavu tumelisahau, kwamba jicho lenyewe ni kifaa cha usiku. Likiachwa gizani dakika ishirini hadi thelathini huona mambo ambayo mwanzo halikuyaona, na kutazama simu mara moja tu huuharibu utulivu huo wote. Mwanga mwekundu hauliharibu sana. Uwezo huo unategemea vitamini A, ile ile ambayo watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa kliniki kila baada ya miezi sita, na hupungua kwa umri: jicho la mtu wa miaka sitini hupata takriban theluthi ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa ishirini. Kwa hiyo babu anayejikwaa kichochoroni si mzembe. Anahitaji taa ya chini yenye kumulika ardhi, si miwani ya askari.

Sola na hesabu ya karatasi

Pesa nyingi zaidi, kwa maoni yangu, hupotea kwenye umeme. Kamera isiyo na stima ni pambo. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilikosa umeme, na hali ikarudi tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Na tusidanganyane, hatuhitaji nchi nzima izime; tokeni zikiisha saa tano usiku inatosha. Mwizi naye anajua kuzima swichi kuu, hasa pale mita za umeme zilipo nje ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako: anayejua swichi iko wapi si mgeni.

Ndipo watu hukimbilia taa za sola, na ndipo boksi lingine linapoongopa. Taa iliyoandikwa wati 300, yenye paneli ya ukubwa wa karatasi ya A4, ni jambo lisilowezekana. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita mraba, kwa hiyo hupata wati 62 hivi. Paneli nzuri hugeuza karibu moja ya tano ya hizo kuwa umeme, yaani wati 12. Kwa jua la saa tano kamili kwa siku una wati-saa 60. Mombasa iko karibu na ikweta na usiku wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima; gawanya, unabakiwa na wati tano za kuwaka hadi alfajiri. Si haba! Balbu ya LED ya wati tano inamulika mlango vizuri. Lakini uliambiwa 300. Angalia na betri: ile ya duara iitwayo 18650, inayofanana na betri ya redio iliyonenepa, ikiwa imeandikwa 9,900 mAh ujue hakuna kiwanda kilichofikia hata nusu ya hapo kwa ukubwa huo.

Mnunuzi aliyekwisha kufanya hesabu hiyo hatafuti namba kubwa. Atatafuta paneli inayotengana na taa ili iwekwe penye jua, betri inayoweza kubadilishwa, na taa inayofifia yenyewe kisha ikawaka kwa nguvu mtu akipita. Atatazama pia skrubu. Herufi IP66 humwambia kwamba mvua na vumbi havitaingia, ila hazisemi lolote kuhusu chumvi, na hewa ya ufuoni hula chuma cha bei rahisi katika misimu michache. Kampuni kama M-KOPA, ambayo iko sokoni Kenya tangu 2012, zimetuzoesha kulipia sola kidogo kidogo kwa simu. Njia hiyo ni nzuri ilimradi ujumlishe malipo yote kabla ya kusaini, maana anayetazama malipo ya siku tu hajui bei.

Je, taa inazuia uhalifu au inamwonyesha mwizi njia?

Hoja hii huletwa kila mara, na si ya kipuuzi. Wapo wasemao kwamba taa huonyesha mali iliyopo na kwamba wenye mapanga siku hizi hawaogopi mchana, seuze balbu. Ushahidi tulio nao unaelekea upande mwingine. Mjini New York, mwaka 2016, watafiti walipeleka minara ya taa katika mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa kura, wakailinganisha na mitaa iliyokosa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Kwa upande wa kamera, mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa 2019 yalikuta uhalifu ukipungua kwa asilimia 13 kwa jumla, zaidi katika maegesho ya magari, huku kukiwa hakuna athari ya maana kwa uhalifu wa kupigana na kujeruhi. New York si Bakarani, najua. Lakini mpangilio wa namba hizo unakubaliana na akili: mwanga kwanza, kamera baadaye, na asiwepo anayedhani kamera itakinga panga.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi, ambaye akiwa mtoto alifunga taa za kumetameta kuzunguka boma la ng'ombe kwa paneli ya sola, betri kuukuu ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Dunia ilimsikia 2013 alipohutubia TED. Hakutafuta kumwona simba. Alitaka simba adhani ameonekana. Binadamu si simba, naam, na mwizi akizoea taa inayomulika ovyo ataidharau. Hata hivyo taa inayowaka kwa sababu mtu amekanyaga kichochoro huwafanya majirani watano wageuze vichwa madirishani, na macho hayo matano hayahitaji betri. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu ya mwenye nyumba anayetazama kamera akiwa Doha au Jeddah haimsaidii mpangaji wa chumba namba saba kama jirani hajaamka.

Wa ufuoni, Shanzu na Bamburi, wana sababu ya ziada ya kuwa na kiasi: taa nyeupe zinazoelekea baharini huwapoteza watoto wa kasa wanapotoka kwenye mayai. Taa ielekezwe chini, iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu. Ni suala la kugeuza skrubu moja na kubadilisha balbu.

Nani alipe, nani atazame

Nyumba moja ikijinunulia kila kitu peke yake itaishia kwenye kile cha bei ya chini kabisa. Kichochoro kikijumuika hesabu hubadilika. Taa mbili za sola za kweli na kamera moja ya kuangalia mlango wa kuingilia zikigharimu, tuseme, shilingi elfu kumi na tano, wapangaji kumi na mwenye nyumba wakichangia hakuna anayefika elfu mbili. Hapa wenye nyumba wataruka: kwa nini wachangie kitu ambacho mpangaji ndiye anayekitaka? Kwa sababu chumba cha kichochoro chenye giza hukaa kitupu, na kinapopata mtu hupata asiyekaa. Wengine watasema hiyo ni kazi ya kaunti, na wana haki. Mlingoti wa mulika mwizi unapaswa kuwaka kila usiku na tuendelee kuudai kwa diwani. Ila mlingoti haumuliki ndani ya kichochoro chenye kona tatu, hata ukiwa mzima.

Mpango wa Nyumba Kumi, uliosukumwa na serikali mwaka 2013, umepoa katika mitaa mingi, lakini wazo la watu kumi kujuana ndilo hasa linalohitajika hapa, kwa sababu macho hayana pazia. Kamera inayolenga mlango wa mtu ni kamera inayojua mgeni wake ni nani, anarudi saa ngapi, na leo amebeba nini. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaacha nje matumizi ya nyumbani tu, lakini mwenye nyumba anayerekodi wapangaji kumi na njia ya umma atapata taabu kudai kwamba hayo ni ya nyumbani tu. Kamera itazame geti, isitazame madirisha. Mtunza rekodi ajulikane kwa jina, na asiwe mtu wa kurusha picha kwenye WhatsApp. Yakitokea ya kutokea, rekodi ipelekwe polisi pamoja na maelezo ya kifaa kilichoirekodi na aliyeitoa, kwani Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka hati ya namna hiyo kabla ya mahakama kuipokea rekodi ya kielektroniki. Kesi inaweza kuyumba kwa kukosa karatasi hiyo tu.

Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji azime taa za duka. Mmoja wenu asimame hatua tano kutoka kwenye kamera, mwenye kutazama kioo asiwe anamjua, kisha aulizwe amwone tena kati ya watu watatu. Akimkosa, rudisheni boksi. Zitazameni balbu za infraredi kwa kamera ya mbele ya simu. Zikiwa hai mtaziona zikiwaka zambarau kwenye kioo cha simu. Na siku ya kufunga, nenosiri la kiwandani libadilishwe fundi akiwa bado juu ya ngazi. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliingia katika mamia ya maelfu ya kamera na vinasa picha duniani kwa kujaribu tu manenosiri ambayo wenyewe hawakuwahi kuyagusa, na wengi wao hawakujua kwamba kifaa walichokiweka kimlinde mtu kilikuwa kikifanyia kazi watu wengine.